Meno ya mtoto kukaa vibaya: uanze lini, ufanye nini, na lini usifanye kitu kabisa (mwongozo kamili)

Wazazi wanaoulizia waya za meno wapo wa aina mbili. Kuna mama ambaye mtoto wake ana miaka saba, meno mawili ya mbele yameota makubwa, yamekaa upande upande na katikati pana mwanya, mama usingizi hana anataka waya wiki hii hii. Afu kuna baba ambaye mtoto yupo form three, meno ya juu yametoka nje mpaka midomo haifungi, miaka yote alikuwa anaambiwa "subiri meno yote yaote kwanza" na akasubiri kweli. Yule wa kwanza mara nyingi anaambiwa arudi nyumbani atulie, wa pili ndo anaambiwa kuna kazi ingefanyika miaka kadhaa nyuma wakati taya bado linakua. Kwahiyo shika hili kabla hatujaenda popote: kumwangalizia mtoto mapema sio kumvalisha waya mapema. Watoto wengi wakiangaliwa na miaka saba wanaambiwa tu warudi baada ya miezi sita au mwaka, na hiyo ni huduma tayari, nauli yako haijapotea.

Hatua ya 1: ijue ratiba ya meno

Meno ya utoto ni 20. La kwanza huota kwenye miezi 6 hivi, mara nyingi chini mbele, na mpaka miaka miwili na nusu au mitatu yote yameshatoka. Akianza na ya juu sio mkosi, ni mpangilio tu, hayo mambo ya kigego tuyaache.

Kwenye miaka 6 linaota gego la kwanza la ukubwani na hapa ndo wazazi wengi wanapigwa chenga, kwasababu linaota nyuma kabisa na hakuna jino lililong'oka kulipisha, kwahiyo mzazi anadhani ni la utoto, likitoboka anasema "si litang'oka tu". Halitang'oka. Hilo ndo la maisha, na ndo jino linaloshikilia mpangilio wote wa kuuma.

Kuanzia 6 mpaka 9 yanabadilika yale manne ya mbele juu na manne ya chini. Afu panapoa kidogo, mzazi anadhani imeisha. Kwenye 9 mpaka 12 yanabadilika magego ya utoto na chonge, chonge za juu zikichelewa zaidi, 11 au 12 hivi. Gego la pili la ukubwani 12 au 13. Mtoto akichelewa au akiwahi miezi kadhaa usishtuke, kinachotazamwa zaidi ni mfuatano na kama kushoto na kulia vinakwenda pamoja.

Vitu vitatu vinavyowatisha wazazi bure. Cha kwanza, nafasi kati ya meno ya utoto: hizo nafasi ni nzuri, meno ya mbele yanayokuja ni mapana zaidi. Mtoto wa miaka mitano ambaye meno yake yamebanana vizuri bila nafasi hata moja, ambaye kila mtu anamsifia tabasamu, huyo ndo ana uwezekano mkubwa wa meno kupandana baadae. Cha pili, jino jipya la chini kuota nyuma ya lile la zamani. Kama la zamani linacheza mwache alicheze mwenyewe kwa ulimi, litatoka na jipya litasukumwa mbele na ulimi, ila kama wiki zinakwenda miezi miwili inapita na la zamani limekaza, mpeleke likatolewe. Cha tatu, mwanya wa mbele juu kati ya miaka 7 na 11, mara nyingi unajifunga wenyewe chonge zikishashuka. Na usipojifunga, jamani, kwetu mwanya ni urembo, kama hauna shida nyingine muulize mtoto mwenyewe akikua.

Hatua ya 2: linda magego ya utoto kama unataka meno yaliyopangika

Hii hatua ningeweza kuiandikia kurasa kumi. Watu wanaongelea waya, braketi (vile vipande vinavyogandishwa kwenye jino kushikilia waya), mambo ya gharama, kumbe kazi kubwa ya kupanga meno inafanyika kwa mswaki mtoto akiwa na miaka mitatu minne. Gego la utoto linatakiwa likae mdomoni mpaka miaka 10 au 11 hivi. Likioza likang'olewa mtoto akiwa na miaka 5, panabaki pengo kwa miaka mitano na zaidi, na meno hayakai yakasubiri. Ni kama siti ya daladala, mmoja akishuka wa pembeni anasogea. Lile gego la miaka 6 linaota linakuta pengo, linasogea mbele linakaa hapo, afu jino lililotakiwa kuja pale likifika miaka 10 linakuta pameshajaa, linabaki ndani ya fizi au linatokea pembeni. Mtoto anakuja na miaka 13 meno yamepandana na kila mtu anasema karithi kwa baba yake.

Na kuna kitu watu hawakijui, magego ya utoto ni mapana kuliko meno yanayokuja kuchukua nafasi yake. Ile ziada, kama milimita mbili hivi kila upande kwenye taya la chini, ni akiba ya bure. Daktari akiiwahi anaweza kuweka waya mdogo nyuma ya meno ya chini uzuie magego yasisogee mbele, na akiba ile ikatumika kunyoosha meno ya mbele yaliyobanana kidogo. Ukishaacha magego yakaoza na kuisha pembeni, akiba hiyo imeliwa.

Kwahiyo:

Mswaki mara mbili kwa siku na dawa yenye floraidi, kuanzia jino la kwanza. Chini ya miaka 3 dawa iwe kama punje ya mchele, 3 mpaka 6 kama punje ya njegere. Ateme, asisukutue na maji mengi. Ule wa usiku ndo muhimu zaidi, na umpigie wewe mpaka afike miaka saba nane, mtoto wa miaka minne akijipigia mwenyewe anachezea tu povu. Kwa wale wa Arusha, Kilimanjaro na kwingineko kwenye ukanda wa bonde la ufa ambako maji yana floraidi nyingi na meno yanatoka ya kahawia, muulize daktari wa huko kuhusu kiasi cha dawa kwa mtoto mdogo.

Asilale na chupa ya maziwa au juisi mdomoni. Ubuyu wa rangi, pipi za kijiti, soda, sio kwamba asionje maisha yake yote, ila ubaya ni kumung'unya kutwa nzima. Bora ale kwa mkupuo baada ya chakula kuliko kidogo kidogo toka asubuhi mpaka jioni.

Gego likitoboka liwahi kuzibwa. Likiwa limeenda sana bado linaweza kutibiwa kiini na kuvalishwa kofia ya chuma, haipendezi sana ila inakaa mpaka jino litoke lenyewe. Na kama halina jinsi linang'olewa, usiondoke bila kuuliza swali hili: "dokta, hapa panahitaji kifaa cha kutunza nafasi?" Ni pete ndogo kwenye jino la jirani yenye kitanzi cha waya kinachozuia pengo lisifungwe. Sio kila pengo linahitaji, ila kama hukuuliza na siku hiyo foleni ilikuwa ndefu inawezekana kabisa usiambiwe.

Hatua ya 3: zuia yale yanayoharibu taya taratibu

"Meno ya plastiki" au nailoni. Bado ipo, mijini na vijijini, na sio Tanzania tu, Uganda na Kenya pia ipo. Mtoto wa miezi mitano sita anaharisha, ana homa, mtu anafunua fizi anaona kauvimbe keupe pale pa chonge anasema ndo chanzo cha ugonjwa, anakachimbua na kitu chenye ncha. Kale ni kachipukizi ka jino la kawaida ambalo lilikuwa lije kuota kwenye mwaka mmoja na nusu. Mtoto anaweza kuvuja damu, kupata pepopunda, maambukizi ya damu, wengine wamekufa, na kuhara kwenyewe hakujatibiwa. Aliyepona anakua bila chonge za utoto, meno ya pembeni yanasogea, mstari wa katikati unahama, na chonge za ukubwani ambazo zilikuwa zinajengeka palepale karibu zinakuja na kasoro au haziji. Mtoto akiharisha mpe ORS na zinki umpeleke kituo cha afya, fizi ziacheni.

Kunyonya kidole. Mtoto mchanga kunyonya ni kawaida na wengi wanaacha wenyewe. Akifika miaka 4 bado ananyonya anza kumsaidia, kwasababu kinachotafutwa ni aache kabla meno ya mbele ya ukubwani hayajaota. Akiacha mapema meno mara nyingi yanajirudi yenyewe, akiendelea mpaka miaka 8 unakuta ya juu yametoka nje, ya mbele hayakutani, na kaakaa limekuwa jembamba. Pilipili na shubiri kwenye kidole bibi zetu wamezitumia sana, shubiri sawa unaweza kujaribu kama mtoto mwenyewe amekubali, pilipili mimi siipendi, akijipikicha macho usiku ni kilio nyumba nzima. Kinachosaidia zaidi ni kujua ananyonya saa ngapi (usingizi? TV? akigombezwa?) na kumpa kitu kingine saa hiyo, soksi mkononi usiku, kalenda ya kubandika nyota. Usimwaibishe mbele za watu. Ikishindikana mpaka miaka 6 au 7 kuna kifaa kinawekwa juu ya kaakaa kinachoondoa raha ya kunyonya.

Kupumua kwa mdomo. Mtoto anayekoroma kila siku, analala mdomo wazi, mafua hayaishi, huyo anza na daktari wa masikio, pua na koo sio daktari wa meno. Inawezekana ni nyama za puani au aleji. Ukimvalisha vifaa vya meno pua ikiwa imeziba unajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Hatua ya 4: mkague mwenyewe nyumbani

Dakika tano, kila birthday, na upige picha za simu uzitunze kwenye folda moja, zinamsaidia sana daktari kuona mwelekeo. Mkalishe karibu na dirisha, nawa mikono, chukua kijiko kisafi cha kuvutia shavu. Mwambie agusishe ncha ya ulimi nyuma juu ya kaakaa, ameze mate, afu aume na magego. Ukimwambia tu "uma" watoto wengi wanasogeza taya mbele na utaona kitu ambacho hakipo.

Angalia haya. Meno ya juu yanatakiwa kufunika ya chini kwa nje, pande zote, mbele mpaka nyuma. Kama kuna jino la juu hata moja limeingia ndani ya la chini, liandike. Angalia kama taya linakwepa upande mmoja anapofunga mdomo, kidevu kinahama. Angalia kwa pembeni: meno ya juu yametangulia kiasi gani? Kama penseli inapita kati ya meno ya juu na ya chini akiwa ameuma, huyo ana hatari kubwa ya kuvunja meno ya mbele akianguka. Angalia kama ya mbele hayakutani kabisa, au kinyume chake, ya chini yanagonga kwenye kaakaa. Angalia usawa: jino la kushoto limeota na la kulia halijaonekana miezi sita imepita, hiyo inahitaji eksirei, inawezekana kuna jino la ziada limeziba njia.

Na akifika miaka 9 mpaka 10 papasa fizi kwa nje, juu ya chonge ya utoto, kulia na kushoto. Unatakiwa kusikia kauvimbe kagumu, ndo chonge ya ukubwani inashuka. Ukikakuta upande mmoja tu, au hakuna kabisa mpaka 10 na nusu, nenda. Chonge ikipotea njia ikaelekea kwenye kaakaa, kung'oa tu ile ya utoto kwa wakati inaweza kuirudisha barabarani. Ericson na Kurol, watafiti wa Sweden, mwaka 1988 waliripoti chonge 46 kwa watoto wa miaka 10 mpaka 13, na 36 zilijirekebisha zenyewe baada ya kung'oa za utoto peke yake. Ukichelewa mpaka 15 inakuwa upasuaji wa kuifunua na kuivuta kwa waya miezi mingi.

Hatua ya 5: mpeleke akiwa na miaka 7 hivi

Chama cha wataalamu wa kupanga meno cha Marekani kinashauri mtoto aonwe kabla hajapita miaka 7, kwasababu gego la kwanza na baadhi ya meno ya mbele yameshatoka na daktari anaweza kusoma mwelekeo. Huku kwetu wataalamu wa kupanga meno ni wachache na wengi wapo miji mikubwa, kwahiyo usianze kwa kusafiri, anza na daktari wa meno wa hospitali ya wilaya au mkoa. Yeye akiona kitu atakuandikia rufaa, kwa Tanzania wengi wanaishia Muhimbili ambako ndo ipo shule ya meno ya MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili), na Kenya kuna shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Hizi sehemu zenye wanafunzi foleni ni ndefu ila kazi inasimamiwa.

Siku hiyo mtoto ataangaliwa, pengine picha, pengine eksirei kubwa inayoonyesha meno yote hata ambayo hayajaota. Vipimo vya kutengeneza modeli ya meno huchukuliwa pale tu kazi inapoanza. Uliza: tatizo ni la meno au la taya? Tukisubiri mwaka mmoja nini kitaharibika? Hii kazi itamaliza au itahitaji waya tena akiwa na miaka 12? Swali la pili ndo la maana kuliko yote. Daktari akikujibu "hakuna kitakachoharibika" basi una ruhusa ya kusubiri.

Hatua ya 6: yapi hayasubiri, yapi yanasubiri

Hayasubiri: gego za juu kuuma ndani ya za chini huku taya linahama upande. Mfupa wa kaakaa kwa mtoto bado haujaungana katikati, kwahiyo kifaa cha kutanua kinafanya kazi vizuri sasa kuliko akishakuwa mkubwa. Mzazi ndo anazungusha skrubu kwa funguo ndogo nyumbani, kila robo mzunguko ni kama robo milimita, na baada ya siku kadhaa utaona mwanya umefunguka mbele. Usipige simu usiku umechanganyikiwa, hiyo ndo dalili kwamba kimekubali, utajifunga. Kikishatanua kinaachwa miezi kadhaa mfupa ushike, msilazimishe kitolewe.

Hayasubiri pia: taya la chini kutangulia la juu, hasa kama ukoo wenu mnazo hizo. Kifaa cha kuvuta taya la juu mbele, kile kinachoegemea paji la uso na kidevu, kinavaliwa zaidi nyumbani na usiku, na kinafanya kazi vizuri kabla ya miaka 10. Ila mjue taya la chini linaendelea kukua mpaka ujana, wengine wanahitaji matibabu tena baadae. Jino moja la mbele lililoingia ndani linasaga fizi na jino la mwenzake, na mara nyingi linasukumwa kwa kifaa kidogo cha kuvaa na kuvua ndani ya miezi michache.

Yanayoweza kusubiri: meno ya juu kutoka nje. Hapa wengi wanatapeliwa. Tafiti zilizolinganisha watoto waliotibiwa mapema kwa awamu mbili na waliosubiri mpaka ujana zinaonyesha mwisho wa safari meno yanafanana tu, faida kubwa ya kuwahi ni kupunguza kuvunjika kwa meno ya mbele. Kwahiyo kama mtoto ni wa mpira na kupanda miembe, au shuleni wanamwita majina mpaka hataki kucheka, hizo ni sababu halali za kuwahi. Vinginevyo wasichana 10 mpaka 12, wavulana 12 mpaka 14, wakati urefu unapanda haraka, ndo muda mzuri. Kupandana kidogo kwa meno ya mbele, kupinda pinda, mwanya, yote hayo yanasubiri.

(Na akianguka jino la mbele la ukubwani likatoka zima: lishike sehemu nyeupe sio mzizi, lisuuze haraka bila kusugua, lirudishe mahali pake aume leso, au liweke kwenye maziwa, mbio hospitali ndani ya nusu saa. La utoto halirudishwi.)

Hatua ya 7: kuishi na kifaa

Siku tatu nne za mwanzo atatema mate, ataongea kithembe, atalia kidogo, uji na ndizi laini zitamtosha. Muwa, mahindi ya kuchoma, kashata, mifupa, Big G, barafu ya kutafuna, hapana. Embe akatiwe vipande. Kifaa cha kuvua kisafishwe na mswaki na maji ya baridi, maji ya moto yanakipinda. Akivua kikae kwenye kopo lake, akikifunga kwenye tishu siku hiyo hiyo kitaishia kwenye takataka. Waya ukichoma shavu weka nta ya waya, hakuna nta mwambie asiucheze na ulimi, piga simu kliniki, usikate na praya ya nyumbani.

Na mkanye asifunge mwanya na rababendi alivyoona mtandaoni. Rababendi inapanda taratibu kwenye mzizi mpaka inapotelea chini ya fizi, inakula mfupa, na watu wamepoteza meno mawili ya mbele mazima kabisa kwa njia hiyo. Pia yeyote anayefunga waya saluni au nyumbani kwake kwa bei ya kutupa, bila eksirei wala rufaa, mkimbieni.

Hatua ya 8: hela

Usidhani bima italipa, waya mara nyingi huhesabiwa ni urembo, uliza mapema upate jibu la maandishi. Ukipewa bei uliza ndani yake kuna nini: eksirei, kila ziara ya kukaza, braketi ikibanduka, na riteina za mwisho (vifaa vya kushikilia meno yakishanyooka). Riteina ndo watu wanasahau, na bila riteina meno yanarudi yalikotoka. Kama hela ipo ya kitu kimoja tu mwaka huu, na mtoto ana gego la utoto lililotoboka na meno ya mbele yaliyopinda, ziba gego.